Panga malengo kama mtu anayesubiri mvua

Sisi wa Dodoma mvua yetu ni msimu mmoja tu, kama Desemba hadi Aprili. Ukichelewa kupanda mtama kwa sababu ulikuwa unapaka rangi banda la kuku, Juni hakuna atakayekuletea mvua nyingine.

Chukua daftari, andika yote unayoyataka mwaka huu: kiwanja Ihumwa, ada ya mtoto, cherehani, leseni ya udereva. Kila moja liulize: nikilisogeza miezi sita, napoteza nini? Lenye hasara kubwa ndilo la kwanza. Mengine yahamishie ukurasa wa nyuma, usiyafute (ukiyafuta yatakusumbua usiku).

Hilo la kwanza lipe siku na saa. "Nitaweka akiba" ni maneno tu. "Kila Jumamosi nikitoka soko la Majengo, elfu kumi kwenye kibubu, kabla sijavua viatu": hapo sawa.

Ukikosa wiki moja, usijilazimishe kulipa mbili kwa mpigo. Endelea na Jumamosi inayofuata. Kulipa mbili ndiko kulikonikatisha tamaa mwaka jana. Kufika Machi kibubu nilishakivunja, na michango ya harusi ikamaliza kilichobaki.