Kabla ya kupima viungo vya mwenye hemofilia kwa altrasaundi: mambo ya kuzingatia

Kipimo cha altrasaundi cha viungo mara nyingi huharibika kabla probu (kifaa cha mkononi kinachotuma mawimbi) haijagusa ngozi. Mgonjwa ameletwa goti likiwa limevimba, picha ya zamani ya kulinganisha haipo, probu iliyopo ni ya tumbo, na hakuna anayekumbuka fakta (protini ya kugandisha damu ambayo mwenye hemofilia amepungukiwa) ilichomwa lini. Picha itatoka, ila daktari aliyeiomba hatajua afanye nini nayo.

Kwa hiyo anza na kuchagua siku. Picha yenye faida kubwa ni ile inayopigwa kiungo kikiwa kimetulia, hakiumi wala hakijavimba. Damu inapovujia ndani ya kiungo mara kwa mara, madini ya chuma yaliyomo huchokoza utando wa ndani, utando hunenepa na kuota vijishipa laini, na vijishipa hivyo huvuja tena kwa urahisi. Haya yote yanaweza kuanza mtoto akiwa bado anacheza mpira. Eksirei huonyesha mfupa ulioharibika, tena kwa kuchelewa. Utando na gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa) haivioni. Ukiwa na picha ya siku ya utulivu, siku mgonjwa akilalamika maumivu utajua uvimbe unaouona ni mpya au ulikuwepo tangu zamani.

Akija akiwa anavuja, fakta kwanza, picha baadaye. Usimweke kwenye foleni ya altrasaundi ili "kuhakikisha". Kwa hemofilia A, uniti 1 ya fakta VIII kwa kila kilo huinua kiwango chake katika damu kwa takriban asilimia 2, hivyo mtoto wa kilo 30 anayehitaji kuinuliwa kwa asilimia 40 anahitaji uniti 600. Kwa hemofilia B, uniti 1 ya fakta IX kwa kilo huinua kwa takriban asilimia 1 tu. Mwenye inhibita (kingamwili zinazozuia fakta kufanya kazi) hahesabiwi hivi. Ana utaratibu wake. Na anayetumia emicizumab asidhaniwe yuko salama: dawa hiyo ni ya kuzuia, haitibu damu ambayo tayari inavuja. Altrasaundi yenyewe haitoboi ngozi, hivyo haihitaji fakta. Lakini kama kuna uwezekano wa kunyonya majimaji kwa sindano, fakta iwe tayari na ichomwe kabla ya sindano hiyo kuingia.

Mgonjwa aelezwe mapema kwamba hafungi kula wala hanywi maji mengi ili kujaza kibofu. Wengi hufika na njaa kwa sababu altrasaundi wanayoijua ni ya tumbo. Avae kaptula na shati la mikono mifupi, na alete daftari la kumbukumbu: tarehe za kuvuja, kiungo gani, fakta ya mwisho saa ngapi na uniti ngapi.

Upande wa mashine, hitaji kubwa ni probu bapa ya masafa ya juu, megahezi 12 au zaidi kwa kiwiko na kifundo cha mguu. Kwa goti la mtu mzima unaweza kushuka kidogo. Probu ya tumbo yenye megahezi 2 hadi 5 haitakuonyesha gegedu. Usiirudishe kabatini, hata hivyo: mgonjwa anayeumwa kinena na kushindwa kunyoosha paja huenda anavujia ndani ya msuli wa nyonga, iliopsoas, na hapo ndiyo inayohitajika. Kwa kuanzia weka kina cha sentimita 2 hadi 3 kwenye kiwiko na kifundo, 3 hadi 4 kwenye goti. Doppler (sehemu ya mashine inayoonyesha damu inayotembea) iwekwe kwa mtiririko wa polepole, PRF (kasi ya kurudia mapigo ya mawimbi) isizidi kilohezi 1, kichujio chini. Pandisha geini (kiwango cha kukuza mawimbi yanayorudi) hadi chembechembe za kelele zitokee, kisha ishushe hadi zitoweke tu.

Jeli iwe nyingi kuliko ulivyozoea. Kosa la kawaida ni kukandamiza: mkono mzito husukuma majimaji nje ya picha na kuziba vijishipa, Doppler ikatoka tupu, ukaandika utando umetulia kumbe umewaka. Probu ielee juu ya jeli. Ukandamizaji ufanye baadaye, kwa makusudi, maana ndio unaotenganisha vitu viwili: majimaji hukimbia, utando ulionenepa hubaki. Damu mbichi huonekana kama vumbi jepesi linalozunguka ukibonyeza. Ikishaganda inafanana na utando, na hapo Doppler husaidia kwa sababu damu iliyoganda haina mishipa. Doppler tupu peke yake haithibitishi kwamba ni damu.

Viungo vinavyopimwa kwa HEAD-US, utaratibu wa altrasaundi wa kukagua na kutoa alama kwa viungo vya wenye hemofilia, ni sita: viwiko, magoti na vifundo vya miguu. Andaa taulo la kukunja na kitanda kisichoyumba. Goti lianze likiwa limekunjwa kama nyuzi 30 juu ya taulo, uangalie mfuko ulio juu ya kilegesambwa. Kwa mkono wa pili minya pande zote mbili za kilegesambwa, majimaji kidogo yaliyojificha yatapanda. Kisha likunjwe kabisa ili gegedu la paja litoke nje ya kivuli cha kilegesambwa. Kiwiko kinyooshwe kwa upande wa mbele, kikunjwe nyuzi 90 kwa upande wa nyuma, kwani majimaji machache hupenda kukaa nyuma. Kwa kifundo, goti likunjwe na unyayo ulale kitandani.

Wapo ambao goti au kiwiko hakifiki huko. Usilazimishe, andika nyuzi ulizofikia, na mwakani pima kwenye nyuzi hizohizo.

Watoto wana mtego wao. Ncha za mifupa yao bado ni gegedu nene, jeusi kwenye skrini, na asiyezoea huliita majimaji. Kinga bora ni kupima kiungo cha upande wa pili palepale, ingawa na hicho kinaweza kuwa kimeathirika. Jeli ipashwe joto kidogo, mama au baba akae karibu na kichwa.

Kuna yasiyoonekana hata kwa fundi mzuri: uvimbe maji ndani ya mfupa, gegedu lililofunikwa na mfupa, na kutu ya damu ya zamani kwenye utando, ambayo altrasaundi haiwezi kuitofautisha na kovu. Ukihitaji hayo, omba MRI (picha ya sumaku). Mwendo na nguvu za kiungo ni kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia, hivyo panga aonane na mgonjwa siku hiyohiyo.

Fomu iandaliwe kabla: kulia au kushoto (andika kwenye picha yenyewe, si kwenye karatasi pekee), nyuzi, probu, fakta ya mwisho. Alama za HEAD-US ni utando 0 hadi 2, gegedu 0 hadi 4, mfupa 0 hadi 2, jumla 8 kwa kiungo. Majimaji hayamo kwenye alama, yana mstari wake. Ziandike tatu kwa kuzitenganisha, usiweke jumla peke yake. Kiungo chenye utando 2 na kingine chenye gegedu 1 na mfupa 1 vyote vinapata 2. Cha kwanza kina uvimbe ambao fakta ya kinga bado inaweza kuutuliza, cha pili kina uharibifu usiorudi nyuma.