IP kwanza, databesi ndo ifuate

Wakuu mnaoendesha seva mbili za kupokezana kwa Pacemaker (programu inayohamishia huduma seva ya pili ya kwanza ikifa), hii imenitesa wiki nzima hapa Tabora na huu umeme wa kukatika katika. Umeme ukirudi databesi inawaka kabla ile IP ya kuelea (anwani ya mtandao inayohama na huduma toka seva moja kwenda nyingine) haijakaa kwenye seva, inatafuta anwani yake haioni, inakufa, we unabaki unailaumu swichi bure. Dawa ni kuweka diski yenye data, IP na databesi kwenye grupu moja la Pacemaker kwa mpangilio huohuo, maana grupu linawasha kuanzia wa kwanza na kuzima linarudi kinyumenyume, tena vyote vinakaa seva moja. Bila grupu, ukiweka sharti la order peke yake umepanga zamu tu, hujasema vikae pamoja, IP inaweza ikawa seva hii na databesi ikawaka ile nyingine, hapo lazima uongeze na colocation, sharti la kukaa seva moja. Halafu databesi ipige systemctl disable kwenye seva zote mbili, isijiwashe yenyewe kabla ya Pacemaker. Na hiyo IP usiiandike kwenye setingi za kadi ya mtandao, seva mbili zikiigombania ni vurugu tupu. Mi niliiandika, tena kwa kujiamini kabisa.