Somo: Kuhesabu chembe nyeupe za damu kwa chemba ya Neubauer

Mashine za kuhesabu damu zimeenea Nairobi, lakini umeme ukipotea au vitendanishi vikiisha, mgonjwa bado yuko kwenye benchi anasubiri majibu. Kwa hiyo nawasihi, kila mmoja wetu aijue chemba, yaani kioo chenye kina maalum na miraba iliyochorwa, cha kuhesabia chembe kwa hadubini.

Hatua ya 1. Geuzageuza chupa ya damu, ile ya kifuniko cha zambarau, polepole mara 8 hadi 10. Hesabu nyingi huharibikia hapa, hata hadubini haijawashwa. Damu iliyotulia hujitenga matabaka, nawe utachota tabaka moja ukidhani ni damu yote.

Hatua ya 2. Tia maikrolita 20 za damu kwenye maikrolita 380 za maji ya Türk, yaani asidi hafifu yenye rangi. Pangusa kwanza ncha ya pipeti kwa nje, maana damu iliyogandamana hapo nayo itaingia kwenye hesabu. Sasa umezimua mara 20. Asidi iliyomo hupasua chembe nyekundu, na rangi hukuonyesha viini vya zile nyeupe. Kuvuta pipeti kwa mdomo tukuache kabisa.

Hatua ya 3. Bandika kioo cha kufunikia mpaka uone miviringo yenye rangi za upinde wa mvua. Isipoonekana, kina kati ya kioo na chemba si milimita 0.1 na jibu lako litakuwa la uongo. Gusisha pipeti ukingoni, maji yaingie yenyewe. Yakifurika mferejini, osha uanze upya. Ngoja dakika 2 au 3 chembe zitue.

Hatua ya 4. Kwa lenzi ya 10 na mwanga hafifu, hesabu miraba minne mikubwa iliyo kwenye pembe nne za mchoro. Chembe iliyogusa mstari wa juu au wa kushoto ihesabu. Iliyogusa wa chini au wa kulia iache.

Hatua ya 5. Kila mraba hubeba maikrolita 0.1, kwa hiyo minne ni 0.4. Ukipata chembe 120: 120 × 20 ÷ 0.4 = 6,000 kwa maikrolita. Wengi huzidisha kwa 50 moja kwa moja (yaani 20 ÷ 0.4), lakini ukizimua tofauti, 50 haifai tena. Tafadhali andika ulivyozimua kando ya jibu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mara ya kwanza nilipata chembe 100, nikarudia nikapata 112. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, dada. Chembe hutawanyika kwa bahati. Ukihesabu 100, tarajia tofauti ya kama 10. Ukihesabu 400, ya kama 20, yaani asilimia 5 tu. Jaza pande zote mbili za chemba uhesabu nyingi zaidi.

Swali: Sisi tunapima maziwa hapa Kariobangi. Chemba itatufaa kwa bakteria?

Jibu: Kaka, sikushauri. Chemba haitengi walio hai na waliokufa, na matone ya mafuta yatakuchanganya. Oteshea kwenye sahani ya agari, yaani chakula cha bakteria kilichoganda. Tia mililita 1 ya maziwa kwenye mililita 9 za maji safi yasiyo na vijidudu, kisha endelea hivyo chupa hadi chupa, kila mara kwa pipeti mpya. Ukipaka mililita 0.1 kutoka chupa ya nne na kuota makoloni (vidoa vya bakteria) 86, ni 86 × 10 × 10,000 = 8,600,000 kwa mililita. Amini sahani zenye makoloni 30 hadi 300. Yakizidi hapo huungana.

Swali: Mgonjwa wetu ametoka Busia juzi, ana malaria. Somo hili linamhusu?

Jibu: Sana. Kwenye tone nene la damu kwenye kioo, lililopakwa rangi ya Giemsa, tunahesabu vimelea mpaka tufikishe chembe nyeupe 200, tunazidisha kwa 8,000 na kugawanya kwa 200. Vimelea 150 vinatoa 6,000 kwa maikrolita. Lakini ile 8,000 ni makadirio ya chembe nyeupe kwa maikrolita. Kama chembe nyeupe zake ni 4,000, vimelea ni 3,000, nusu ya ulichokuwa unampelekea daktari. Ukiwa na hesabu yake mwenyewe kutoka kwenye chemba, tumia hiyo.