Feni ya umeme kwenye Datsun ya mbio
Ukipanda kutoka Nakuru kuelekea Mau Summit nyuma ya malori, feni ya mkanda, inayozungushwa na injini yenyewe, huzunguka polepole wakati injini inataka hewa zaidi. Ndiyo maana napenda ya umeme. Ifunge upande wa injini, ivute hewa, na kava lake lifunike rejeta nzima.

Kazi iko kwenye waya. Feni kubwa hula hata ampea 20, na zaidi inapoanza, kwa hiyo usiupitishe umeme wote kwenye swichi ya dashibodi. Weka rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), waya mnene, na fyuzi karibu kabisa na betri.

Thamostati, vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, ikifunguka kwa nyuzi 82, feni iwake 92, izime 87. Ukiipanga izime chini ya 82, itazunguka bila kupumzika, maana thamostati haiachi maji yapoe kufika hapo. Mimi huongeza swichi ya mkono, ya foleni.