Jinsi ya kupanga chakula cha Krismasi wageni wakiwa na masharti tofauti (kisukari, halali, wasiokula nyama, na aleji ya karanga)

Nimetoka kumsaidia shemeji yangu hapa Dar kupanga chakula cha Krismasi. Ana wageni 18, na humo yumo bibi mwenye kisukari, majirani Waislamu, wakwe zake Wasabato, jirani Mhindu asiyekula nyama, na mtoto wa miaka minne mwenye aleji ya karanga. Kila mwaka kuna mtu ananiuliza haya mambo, kwa hiyo naandika yote hapa.

Hatua ya 1: Uliza mapema, na utaje vyakula

Wiki mbili kabla. Ukiuliza tu "kuna kitu huli?" utajibiwa "mi nakula chochote mwanangu", mtu anaona aibu kukusumbua. Tuma menyu yenyewe: "Shikamoo mama. Krismasi napika pilau ya mbuzi, kuku wa kuchoma, mchicha na vitumbua. Kuna chochote hapo kinakusumbua au umekatazwa hospitali?" Akishaona majina ya vyakula ndo anakumbuka presha na kila kitu. Kwa mtoto, muulize yule anayemlisha kila siku.

Hatua ya 2: Menyu iwe moja

Sipendi kabisa habari ya kumpikia mtu kisahani chake cha pembeni, anakula peke yake kama mgonjwa. Chakula kikuu kiwe kile ambacho karibu wote wanakula. Sisi tuliweka pilau ya mbuzi sufuria kubwa, pilau ya njegere na viazi sufuria ndogo, kuku, maharage ya nazi, mchicha wa nazi, kachumbari na matunda.

Mbuzi tulinunua mzima, jirani mwenyewe Muislamu akamchinja, hakuna aliyebaki na swali. Kitimoto (nyama ya nguruwe) haikuingia, na hilo linawafaa Wasabato pia. Wasabato wengi wanafuata Walawi 11, samaki awe na mapezi na magamba, kwa hiyo kamba, pweza na kambare waache, sato au changu sawa. Wengi wao hawanywi chai ya majani, chemsha mchaichai na tangawizi. Kwenye pilau ya njegere usitie vile vidonge vya supu, vingine vina mafuta ya kuku au ya ng'ombe, na iwe na upawa wake. Jirani Mhindu muulize na mayai, halafu vitunguu maji na vitunguu saumu, maana wapo wasiokula hivyo pia.

Hatua ya 3: Karanga (hii soma yote)

Mwaka juzi kwangu sikuweka karanga kwenye chakula chochote, nilikuwa na uhakika kabisa. Mtoto mwenye aleji akala kitumbua kimoja, akaanza cha pili, mara anajikuna mdomo, midomo ikavimba, vipele shingoni, akaanza kukohoa. Tukamkimbiza hospitali, wakamchoma adrenalini, akatulia. Usiku ule sikulala, nilikaa jikoni hadi saa nane nasoma pakiti moja moja, viungo, mafuta, hamira, sioni kitu. Asubuhi ndo binti aliyepeleka mchele mashineni akakumbuka kwamba aliyekuwa mbele yake kwenye foleni alikuwa anasaga unga wa lishe. Ule huwa unachanganywa karanga! Nikafunua ndoo ya unga wetu uliobaki, juu kuna michirizi ya kahawia hafifu kwenye ule weupe, na ukiinama unasikia harufu ya karanga kabisa.

Kwa hiyo unga wa vitumbua usisagishe mtaani. Loweka mchele usiku, usage nyumbani, na blenda isiwe ile inayosaga karanga, maana chini ya visu kuna mpira na mabaki yanakaa pale hata uoshe vipi. Kinu na miiko ya mti weka kando, mti unanyonya mafuta. Tumia upawa wa chuma na sufuria zilizosuguliwa vizuri.

Mafuta: usinunue ya kupima, hujui kwenye lile dumu kulikuwa na nini. Nunua chupa iliyofungwa, usome lebo, na usirudie mafuta yaliyokwisha kukaangia kitu kingine. Kukaanga au kuchemsha hakuondoi aleji, watu wengi wanadhani moto unaua kila kitu. Na mikono ioshwe kwa maji na sabuni, sanitaiza haiondoi karanga.

Kuna watakaokwambia karanga ziwekwe meza ya pembeni. Mi siikubali hiyo, watoto wanapeana vitu mkono kwa mkono. Siku hiyo karanga zisiingie ndani, na waambie wageni mapema maana kuna anayekuja na kashata kama zawadi. Korosho na ufuta muulize mzazi, usijiamulie.

Mwisho wa hatua hii: ujue hospitali gani ya karibu ina huduma ya dharura siku ya sikukuu, gari ni la nani, na dereva ni nani ambaye hatakunywa. Mtoto akibanwa pumzi, akitapika au akilegea baada ya kula, mpeleke saa hiyo hiyo. Kumnywesha maziwa hakusaidii, na vidonge vya aleji peke yake havitoshi. Kama ameandikiwa sindano ya adrenalini, achomwe hapo hapo kisha ndo muondoke.

Hatua ya 4: Bibi na sukari yake

Watu wanahangaika na wali, wanasahau saa. Ukisema chakula saa saba halafu kikatoka saa kumi, na bibi alishachoma insulini, sukari inashuka, anatoka jasho, anatetemeka, anaanza kuongea vitu havieleweki. Mwambie asichome mpaka aone sahani mezani, kama ndivyo daktari wake alivyomwelekeza, na uwe na juisi au soda ya sukari karibu, ikishuka anapewa mara moja. Sahani yake nusu mboga, robo wali, robo nyama.

Mwenye presha: Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Punguza kwenye sufuria, ndimu na pilipili viwe mezani.

Hatua ya 5: Kupakua

Jirani asiyekula nyama apakue kwanza, kabla watu hawajachanganya miiko. Vya kubeba nyumbani viandike kwa maka pen juu ya mfuniko, "mbuzi", "njegere", maana jioni hotpoti zote zinafanana.