Vichaka vya maua vya kuvutia vipepeo, na yale majani ya kuwaachia wale

Watu wengi wanapanda maua mazuri afu wanalalamika vipepeo hawaji, kumbe shida iko kwenye ua lenyewe. Yale maua yenye petali tele zilizojikunjakunja kama kabichi yanapendeza macho ila kipepeo hapati pa kupitishia mrija wake, kwa hiyo we tafuta vimaua vidogo vilivyokaa kwa vishada: pentasi, iksora, lantana, plumbago.

Mi ningeanza na pentasi, haina makuu. Kata kitawi kisicho na ua, sm 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini uache mawili matatu ya juu, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini, udongo uwe na unyevunyevu ila usitote. Baada ya wiki 3 au 4 kivute taratiibu, kikigoma ujue kimeshashika mizizi.

Kuhamishia, chagua penye jua angalau saa 6 kwa siku na pasipopigwa sana na upepo, maana kipepeo hawezi kuruka vizuri mpaka aote jua kwanza. Panda miche 3 au 5 ya aina moja pamoja, mmoja mmoja huku na kule hawauoni.

Lantana nayo ina mambo yake. Angalia kishada kwa karibu, vimaua vya katikati ni vya njano, vya pembeni vimeshageuka chungwa au vyekundu, na kipepeo anahangaika zaidi na vile vya njano kwa sababu ndo vichanga, bado vina utamu. Ila ni mmea korofi, ndege wakila vijitunda wanausambaza porini na mifugo ikila majani inaumwa, kwa hiyo kata vishada mapema au achana nayo kabisa.

Sasa hapa ndo wengi wanakwama: maua ni chakula cha kipepeo mkubwa, mtoto wake, yaani kiwavi, anakula majani. Plumbago inalea vipepeo wadogo wa bluu, mlimao au mchungwa unalea wale wakubwa. Ukipiga dawa ya wadudu umewamaliza wote, vumilia majani yenye matobo. Kwenye mlimao ukikuta kitu kama kinyesi cha ndege usikipanguse, huenda ni kiwavi mchanga. Ukimgusa anachomoa vipembe vyenye harufu kali, usishtuke, hang'ati.