Kukereza bushi ya pedali ya gari la zamani (usinakili ile mbovu)

Juzi nimemsaidia jamaa, pedali ya klachi ya gari lake la miaka ya 60 inacheza kama jino bovu na bushi yake (kile kipande cha bomba kinachokaa kati ya pedali na shafti yake) haiuzwi tena popote. Kama hujui kukereza mpe fundi mwenye leti (mashine ya kukereza), ila vipimo chukua mwenyewe.

1. Fungua pedali, safisha grisi.

2. Vipimo. Hapa ndo nilipoungua zamani. Nilipima bushi iliyotoka, nikakereza nyingine sawasawa nayo, siku nzima imeenda kumbe nimetengeneza bushi mpya iliyochakaa! Ile ya zamani imeshalika imekuwa yai, haina la kukwambia. Pima tundu inamokaa, mara mbili kwa msalaba, halafu pima shafti pale mwishoni ambapo bushi haikugusa ulinganishe na katikati, ukikuta imelika zaidi ya 0.05 mm basi anza na shafti kwanza. Tumia maikromita, kalipa ya plastiki wape watoto. Halafu gari la Uingereza au Marekani la enzi hizo lilichorwa kwa inchi, so ukisoma 19.03 usiseme "aah ni 19" ukaenda kununua rima (kifaa cha kupanulia tundu lifike kipimo kamili) ya 19, hiyo ni robo tatu ya inchi, yaani 19.05, na shafti haitaingia hata uiimbie.

3. Kereza. Mimi ni bronzi ya fosforasi tu, nailoni siitaki. Kwa bushi ya kipenyo cha nje cha kama 25 mm, nje izidi tundu kwa 0.03 hivi. Ndani usimalizie, acha pungufu ya 0.15, kwa sababu ikishaingia inabanwa na tundu lake linajifunga.

4. Ilaze kwenye friza usiku kucha, asubuhi ivute ndani kwa boliti ndefu, nati na washa mbili pana. Nyundo weka mbali, ikiingia upande imekwisha hiyo.

5. Kabla ya rima, pitisha drili kwenye tundu la nipo ya grisi utoboe na bushi, maana umeshaliziba. Jamaa alitaka kuruka hapa, akapampu grisi ikamrudia yote mkononi.

6. Sasa piga rima taratibu, ya kurekebisha ndo nzuri, kila mara unajaribu shafti mpaka iteleze kwa mkono bila kucheza.